Jeshi la kompyuta likiganda mbele ya ukuta: kero za vita vya Medieval II na namna ya kuzikabili

Kila anayecheza Medieval II: Total War, gemu ya kuongoza majeshi ya zama za kati, anaijua hali hii. Kompyuta, yaani adui anayeongozwa na gemu yenyewe, imekuzingira, ina vikosi 20, wewe una 7. Gogo la kubomolea lango linasukumwa taratibu kuelekea mlangoni, wapiga mishale wako walioko ukutani wanalimiminia mishale ya moto, linawaka, linateketea. Ungetegemea jeshi lile lichukue ngazi, au likubali kwamba yameisha liondoke zake. Wapi! Linarudi nyuma, linasimama nje kidogo ya masafa ya mishale, linakutazama. Kama ulizima kikomo cha muda wakati wa kuanza kampeni, mtatazamana hadi umeme ukatike.

Gemu hii ilitoka mwaka 2006, nyongeza yake ya Kingdoms ikafuata 2007, na tangu Aprili 2022 inapatikana kwenye simu za Android na iPhone. Kwa hiyo kila siku kuna mchezaji mpya anayekutana na upuuzi ambao wazee wa kompyuta wameuzoea. Msimamo wa andiko hili ni mmoja: kompyuta ya Medieval II inacheza vizuri kiasi chake uwanjani na inacheza hovyo kabisa penye kuta na madaraja. Sehemu kubwa ya kero inatokana na sisi wenyewe kuipeleka mahali isipopaweza, halafu tunalalamika kwamba ni mbumbumbu.

Kwanza tuelewane kompyuta inaona nini. Haioni vita kama unavyoviona wewe. Inaona aina za vikosi: farasi wazito, farasi wepesi, washika mikuki, wapiga mishale, mitambo ya kurusha mawe. Kila aina ina nafasi yake kwenye mpangilio ulioandikwa tayari katika faili liitwalo descr_formations_ai.txt. Baada ya kujipanga inapiga hesabu ya nguvu, jeshi lake kwa jeshi lako. Hesabu ikiipendelea inashambulia, isipoipendelea inalinda, na ikipata kilima inakaa juu yake. Mapigano yakianza hesabu inarudiwa tena na tena, na kila kikosi kinapewa shabaha kulingana na kilicho karibu na kinachoonekana dhaifu. Haikumbuki kwamba dakika mbili zilizopita ilipoteza kikosi kizima cha farasi mahali pale pale inapopeleka kingine. Haina mpango wa hatua ya tatu, kwa sababu hatua ya tatu inahesabiwa ikifika.

Kwenye nyasi tupu hiyo inatosha. Njia ziko wazi, kila kikosi kinafika kinakotumwa, na idadi ikiwa kubwa utaona cha moto. Ukutani mambo yanageuka, maana kufika kwa adui kunahitaji kifaa, na kifaa kikiharibika hesabu haina jibu.

Sasa turudi kwenye lile jeshi lililoganda. Kompyuta inapozingira hutengeneza magogo, ngazi na minara ya magurudumu, na kila kifaa kinapewa kikosi cha kukisukuma. Shambulio lake lote linategemea vifaa hivyo kufika ukutani. Gogo likiungua, kikosi chake kinabaki bila kazi. Ngazi zikibaki lakini waliozibeba wakakimbia, mara nyingi zinalala pale pale zilipoangushwa na hakuna anayetumwa kuziokota. Vikosi vilivyokuwa vinasubiri lango livunjike vinaendelea kusubiri lango ambalo hakuna wa kulivunja. Ukiongeza kwamba kompyuta inajua kuondoa askari wake kwenye masafa ya minara, unapata picha kamili: wamerudi nyuma kwa sababu ya mishale, na hawaendi mbele kwa sababu hakuna njia. Kutoka na kuondoka uwanjani hakumo kwenye hesabu, kwa kuwa kwa idadi bado wao ndio wenye nguvu.

Dawa ya kwanza ni saa. Unapoanza kampeni kuna kisanduku cha kuondoa kikomo cha muda wa mapigano. Kiache bila alama. Muda ukiisha na mshambuliaji hajauchukua mji, aliye ndani ndiye mshindi. Ulishaanza kampeni ukakiwekea alama? Kwenye kompyuta fungua faili la medieval2.preference.cfg ndani ya folda ya gemu, tafuta sehemu ya [game], kisha mstari huu:

no_campaign_battle_time_limit = 0

Sifuri maana yake kikomo kipo, moja maana yake kimeondolewa. Gemu ina tabia ya kuliandika upya faili hilo inapofungwa, kwa hiyo ukishahifadhi bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na uliwekee alama ya kusomwa tu. Wengi wanaruka hatua hiyo halafu wanasema mbinu haifanyi kazi.

Dawa ya pili ni kutolichoma gogo. Najua inasikika kama kujitakia balaa, lakini kama unataka pambano badala ya saa ya kutazamana, liache lifike. Zima mishale ya moto, zima ruhusa ya kupiga ovyo kwa wapiga mishale walio jirani na lango, na jipange ndani. Washika mikuki vikosi vitatu kwa umbo la nusu duara nyuma ya lango, wakiwa na nafasi ya kutosha kati yao na mlango ili wanaoingia wasibanane wakakusukuma kwa uzito. Washa kitufe cha kulinda nafasi, kile cha Guard Mode, wasije wakaanza kufukuzana na watu nje. Mafuta ya moto yanayomwagwa juu ya lango yatafanya sehemu ya kazi. Kompyuta itapitisha jeshi lote kwenye tundu hilo moja, na mara nyingi jenerali wake hasubiri mwisho. Anaingia akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Vita vinakuwa vikali, na ukizembea utapoteza mji.

Jihadhari na lango lako mwenyewe. Linafunguka lenyewe askari wako wanapolikaribia kupita, na halichagui. Ukiwa umetoka nje na farasi kuwachokoza, ukarudi mbio huku adui yuko mgongoni, lango litabaki wazi na wataingia pamoja nawe. Halafu kuna mnara wa juu ya lango: kikosi cha adui kikipanda ukutani kwa ngazi na kuushika, lango linakuwa lao, linafunguka hata kama gogo liliungua zamani. Kwa hiyo weka kikosi kimoja kizuri cha mapanga juu hapo. Usiwaachie wapiga mishale peke yao.

Na ukiwa wewe ndiye unayeshambulia? Hapo kero inabadilika sura. Kompyuta inatetea ukuta vizuri hadi ukuta unapopasuka. Tundu likipatikana, inahesabu upya na kuamua kwamba kinachofaa kutetewa sasa ni uwanja wa katikati ya mji, kwa sababu anayeushika uwanja huo hadi saa imalizike ndiye anayechukua mji. Basi watu wanashushwa ukutani na kukimbizwa ndani, migongo ikiwa kwako. Wapige hapo, maana wakifika uwanjani hali inabadilika: askari aliye ndani ya uwanja wa kati hakimbii. Ari haishuki, anapigana hadi mtu wa mwisho. Ndiyo maana unakuta wakulima wenye uma wa majani wanawamaliza mashujaa wako. Wameganda hapo na hawana pa kwenda.

Njia mbaya, ambayo wote wanaijua, ni kusogeza mitambo na wapiga mishale hadi masafa ya uwanja huo na kuwatwanga walivyobanana. Hawatasogea. Inafanya kazi kila mara na inaua hamu ya gemu ndani ya wiki moja. Njia yenye ladha ni kusimama mtaa mmoja kabla ya uwanja, kwenye njia pana, na kusogeza kikosi kimoja mbele kidogo kama chambo. Kompyuta inakiona kiko karibu, kiko peke yake, inatuma vikosi viwili vitatu kukipiga. Wakishatoka kwenye uwanja ari yao inarudi kuwa ya kawaida na wanaweza kukimbia kama binadamu wengine. Kirudishe chambo chako hadi kwenye mstari, wapokee, rudia.

Kwa ngome zenye kuta mbili au tatu, ushauri wangu ni kutoshambulia kabisa kama muda unaruhusu. Zingira, subiri njaa. Zamu ya mwisho kabla chakula hakijaisha, kompyuta inatoka nje kupigana, na hapo umeitoa ukutani ukaileta kwenye uwanja inaouweza. Kaa mbali na masafa ya minara. Wakitoka wanapita langoni kikosi kimoja kimoja na kujipanga nje; usiwavamie mlangoni, kwa kuwa wanaobaki ndani watasita na watazunguka zunguka nyuma ya lango bila kutoka, na hapo ndipo ile saa ya mapigano itakuokoa tena. Waache watoke wote. Kupenyeza mpelelezi ni njia nyingine nzuri, kwa sababu ana nafasi ya kukufungulia lango siku ya shambulio, na huhitaji kujenga kifaa chochote.

Sasa jenerali. Katika historia mfalme alipigana mbele mara nyingine, lakini haikuwa kawaida aanze yeye. Kwenye Medieval II jenerali wa kompyuta anaweza kuongoza shambulio la kwanza kabisa moja kwa moja kwenye ukuta wa mikuki. Sababu ni ya kihesabu tu. Walinzi wake ni farasi wazito, tena wa daraja la juu. Mpangilio unaotafuta farasi wazito wa kuvamia unamkuta yeye yuko kwenye orodha, na kwa takwimu za kikosi yeye ndiye bora zaidi. Anapewa shabaha kama kikosi kingine chochote. Akifa, ari ya jeshi zima inashuka kwa mkupuo na pambano linaweza kuisha kabla wapiga mishale hawajamaliza mishale.

Ukitaka kulitumia hilo, weka kikosi kimoja cha washika mikuki mbele kidogo ya mstari, kwenye duara la mikuki kama kikosi kinaliruhusu, naye atakuja. Vigingi vya wapiga mishale wa Kiingereza ni vibaya zaidi: vinachomekwa wakati wa kujipanga tu, kabla pambano halijaanza, na vinabaki pale hata wapiga mishale wakihama. Kompyuta haivioni kama kizuizi cha kuepuka. Farasi wanakimbilia moja kwa moja na kufa. Kuna wachezaji wanaovichomeka nyuma ya lango la mji wao, halafu wanasubiri. Kwenye vita vya Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, Wafaransa walikwama kwenye matope na vigingi mara moja wakajifunza kwa uchungu. Kompyuta hii itafanya hivyo katika kila vita vya kampeni nzima, kuanzia mwaka 1080 hadi 1530. Mimi naona sheria ya nyumbani inafaa: vigingi uwanjani ruksa, vigingi langoni marufuku.

Tiba ya kudumu ya jenerali ipo kwenye lile faili la descr_formations_ai.txt nililolitaja juu. Kila mpangilio umegawanywa kwa vipande vinavyoanzia na begin_block. Ndani ya kipande kuna mistari ya unit_type inayosema aina gani ya kikosi inaruhusiwa, max_units inayosema vingapi, na block_relative_position inayosema kipande kikae wapi kwa kulinganisha na kipande kingine, kulia au kushoto, mbele au nyuma. Kwenye vipande vya farasi wazito ongeza mstari wa not_general, na hakikisha kuna kipande kingine chenye general_unit pekee kilichowekwa nyuma ya safu kuu, yaani namba ya mwisho ya block_relative_position iwe hasi. Hii inamweka nyuma wakati wa kujipanga na wakati wa kusogea. Haimzuii kabisa kujitosa mapigano yakikolea, lakini haanzi yeye.

Kero ya tatu ni ile ya kucheza ngoma. Umejipanga, kompyuta imejipanga mbele yako, kisha unasogeza kikosi kimoja hatua chache kulia. Jeshi lao lote linajipanga upya kuelekea kwako. Unarudisha kushoto, wanajipanga tena. Wanafanya hivyo hata wakiwa ndani ya masafa ya mishale yako, wakikuonyesha ubavu na mgongo huku wakichoka. Mpangilio wao unahesabiwa kwa kulinganisha na mbele ya jeshi lako, na mbele hiyo ikibadilika kidogo, kila kipande kinapewa nafasi mpya. Hakuna kiwango cha kusema "badiliko hili ni dogo, liache".

Dawa ni nidhamu upande wako. Jipange mara moja, nyuma kabisa ya eneo la kujipangia, ikiwezekana juu ya mwinuko, na usiguse kikosi hadi wafike. Kompyuta inapenda kukimbiza askari kwa umbali mrefu, kwa hiyo ukikaa mbali watafika wakiwa wamechoka, na uchovu unapunguza ari na nguvu zao. Hapo unayo faida halali bila kuifanya ionekane mjinga. Matoleo ya kwanza kabisa ya gemu yalikuwa na ugonjwa mbaya zaidi, jeshi linalolinda lilisimama linachomwa mishale bila kujibu, na ngao zilihesabiwa kinyume kwenye mapigano ya ana kwa ana, yaani mwenye ngao alikuwa dhaifu kuliko asiye nayo. Sasisho la 1.2 lilirekebisha suala la ngao. Kama bado una nakala ya zamani ya diski isiyosasishwa, usipoteze muda kutafuta mbinu, sasisha kwanza.

Si kila kinachoudhi ni cha adui. Askari wako nao wanaongozwa na kompyuta ile ile mara unapotoa amri, na farasi ndio wanaolalamikiwa zaidi. Mtu anabofya mara mbili juu ya adui, farasi wanakimbia ovyo, wanafika mmoja mmoja, mikuki iko juu, wanachomoa mapanga na kuanza kukatana. Uvamizi wenye nguvu unahitaji mambo matatu. Safu iwe imekamilika na imetulia kabla ya amri. Uelekeo uwe wazi na wa moja kwa moja, bila mti, bila kikosi chako mwenyewe katikati. Na amri iwe ya bofya moja, ukiwa mbali: wataanza kwa mwendo wa kutembea, watachanganya, kisha wakikaribia wanashusha mikuki na kufyatuka kwa pamoja. Umbali wa kufyatuka umeandikwa kwenye export_descr_unit.txt, mstari wa stat_charge_dist wa kila kikosi. Ukiwaita kutoka karibu kuliko hapo hawapati nafasi ya kushusha mikuki. Wakishagonga, usiwaache wakwame; watoe nje, wasubiri wajipange, warudie. Shabaha ikisogea wakati wako njiani, mara nyingi uvamizi unaharibika, hivyo chagua kikosi kilichoshikwa tayari na mikuki yako.

Kuna na wale wenye alama kwamba wanaweza kuvamia bila kuamriwa. Unawaficha msituni kwa ajili ya dakika ya mwisho, wao wanamwona adui na kuondoka. Inaudhi, lakini hapa gemu haidanganyi historia. Kwenye vita vya msalaba huko Arsuf, tarehe 7 Septemba 1191, mashujaa wa Hospitali, shirika la watawa wapiganaji, walichoka kuvumilia mishale ya jeshi la Saladin wakavamia kabla ya amri ya Richard, mfalme wa Uingereza, naye akalazimika kutupa jeshi lililobaki nyuma yao. Ukiwa hutaki, badilisha neno impetuous kuwa disciplined kwenye mstari wa stat_mental wa kikosi hicho. Mimi ningeliacha.

Washika mikuki mirefu ya karne ya 15 na ya 16 wana ugonjwa wao: adui akifika karibu wanatupa mikuki na kuchomoa mapanga, na ukuta wa mikuki ulioulipia unatoweka. Wana silaha ya pili, na injini inawaruhusu kuichukua mara mtu anapopenya ncha. Dawa ya wanamodi, yaani wachezaji wanaorekebisha mafaili ya gemu, ni kuwanyang'anya. Kwenye export_descr_unit.txt nakili mistari ya stat_sec na stat_sec_attr kutoka kwa kikosi kisicho na silaha ya pili, bandika mahali pa ile ya washika mikuki mirefu. Watabaki na mikuki hadi mwisho, na utashangaa jinsi farasi wa kompyuta watakavyopata tabu.

Madaraja sitayachelewesha: kompyuta ikishambulia juu ya daraja inajaza watu kwenye njia moja na wewe unawachinja, ikitetea inakaa upande wa pili na hesabu zake zinapata kigugumizi. Ukiweza, usipigane darajani. Subiri zamu inayofuata wavuke.

Msaada wa jeshi la pili unahitaji maneno machache. Ukikubali jeshi hilo liongozwe na kompyuta, litakimbia moja kwa moja kwa adui, litafika kabla yako, litapigwa peke yake. Ukikataa, vikosi vyake vinaingia kimoja kimoja kadiri vyako vinavyotoka uwanjani, kwa kuwa mkono wako unabeba vikosi 20 tu. Kwenye lile faili la preference kuna mstari wa unlimited_men_on_battlefield. Ukiuweka 1 na mashine yako ina nguvu, wanaingia bila kusubiri. Kama lazima kompyuta iongoze, kaa mbali na chelewesha mapigano hadi wawe karibu nawe.

Sasa jinsi ya kuyafikia mafaili haya, kwa wanaocheza kwenye kompyuta. Mengi yamefungwa ndani ya vifurushi. Ndani ya folda ya gemu kuna tools, ndani yake unpacker, na humo kuna unpack_all.bat. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, endesha faili hilo, subiri. Likimaliza, nenda kwenye folda ya data ufute descr_geography_new.txt na descr_geography_new.db, ukiyaacha, gemu itaanguka wakati wa kupakia uwanja wa vita, na utadhani umekosea mahali pengine. Kisha ongeza kwenye faili la preference:

[io]
file_first = true

Hapo gemu inasoma mafaili yako kabla ya vifurushi. Ongeza na hii, itakuokoa nguvu:

[log]
to = logs/system.log.txt
level = * error

Mkato mmoja uliosahaulika kwenye export_descr_unit.txt unaifanya gemu irudi kwenye desktop bila kusema neno, lakini kwenye faili hilo la logi utakuta namba ya mstari wenye kasoro. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na nakili faili la asili kabla hujaligusa. Hariri kwa Notepad ya kawaida au Notepad++, usitumie Word, inaingiza alama zisizoonekana.

Usipotaka kujisumbua na mistari, modi kama Stainless Steel na kifurushi cha ReallyBadAI vimeshafanya sehemu kubwa ya kazi hii: mipangilio mipya, uwiano mpya wa lini washambulie na lini walinde, ambao umo kwenye config_ai_battle.xml. Kompyuta inakuwa kali uwanjani na majenerali wanaishi zaidi. Ukutani bado itazubaa, kwa sababu mwendo wa vikosi kupita langoni na ngazini uko ndani ya injini yenyewe, na hakuna faili la maandishi linaloufikia. Kupandisha kiwango cha ugumu nako hakusaidii lolote hapo; njia iliyoziba inabaki imeziba kwenye kila kiwango.

Ukichagua modi, soma kwanza inataka toleo gani la gemu. Nyingi zinahitaji Kingdoms iliyosasishwa hadi 1.5, na ukiiweka juu ya toleo pungufu itafunguka vizuri kabisa, itakupeleka hadi ramani ya kampeni, halafu itaanguka kwenye pambano la kwanza.